Skrini ya Pili Inatazama Benchi

Jumatano, magharibi inakaribia. Mvua imeanza tangu adhuhuri na milima imefunikwa kabisa, utadhani Uluguru imehama. Watoto wa jirani wanarukaruka kwenye madimbwi na mama yao ameacha kuwakemea. Mimi nimekaa na chai iliyopoa. Nimechoka uchovu ambao najua hata nikilala nitaamka nao.

Kwa wiki nne nimekuwa nikitafuta kadi ya grafiki ya bei ninayoimudu. Leo nimeipata. Nilidhani nikiipata nitafurahi.

Kwa wasiojua, kadi ya grafiki ni kile kibao cha ndani ya kompyuta kinachopeleka picha kwenye skrini. Yangu ilikuwa inalisha skrini mbili. Wiki nne zilizopita feni yake ilikwama, chumba kikanuka plastiki iliyoungua, na skrini zote mbili zikawa nyeusi nikiwa katikati ya kuhariri video ya kichen pati ya mtu. Nikachomeka waya kwenye tundu la kompyuta yenyewe, nikapata skrini moja. Ya pili ikabaki mezani kama mgeni aliyesahaulika kupewa chai.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za sherehe za wanawake pekee. Singo, ile ya kumsinga bibi harusi kwa manukato, kichen pati, kumtoa mwali. Wananiita kwa sababu mpiga video mwanamume haruhusiwi kuvuka pazia, na mimi navuka. Skrini ya kwanza naangalia mimi. Ya pili nimeigeuzia benchi lililo ubavuni kwangu, na benchi hilo ni la wateja, maana hapa kwetu huwezi kuhariri singo peke yako ukaipeleka. Shangazi lazima aje ahakikishe anaonekana akimtunza bibi harusi pesa. Mama mkubwa lazima aone kama sare yake imetoka vizuri. "Rudisha hapo," wanasema. "Rudisha tena." Mwezi uliopita walikaa wanne, wakala karanga, wakagombana kuhusu nani alitangulia kuingia ukumbini, na mimi nikarudisha, nikarudisha, mpaka kidole kikaota sugu. Halafu nikafagia maganda.

Bila skrini ya pili wanasimama mgongoni kwangu wakinipumulia shingoni. Hiyo ndiyo sababu niliyompa kila mtu ya kutaka kadi mpya upesi.

Sasa niandike ukweli kabla sijabadili mawazo. Humu mtandaoni hakuna anayenijua kwa jina.

Wiki saba zilizopita nilipiga singo ya binti mmoja anaitwa Salma, uani kwao Kihonda, siku moja kabla ya harusi yake. Bibi yake, mama mzaa mama, alishuka kutoka Mlali kwa ajili ya sherehe. Bibi Tatu. Mwembamba, mfupi, wa umri ambao hata wanawe hawakuwa na hakika nao. Ngoma ya Kiluguru ilipopigwa, Bibi Tatu aliinuka akacheza. Wote wanasema alicheza mpaka wapigaji ndio wakachoka.

Wote wanasema. Mimi sikuona.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya pipa la maji lililofunikwa, nimevua viatu, nakula pilau. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na miguu imevimba. Salma alikuwa amepelekwa ndani kubadilishwa nguo, nikaona hapo hakuna kitakachotokea. Kamera niliiacha kwenye stendi yake, inarekodi, imeelekea kiti cha bibi harusi ambacho kilikuwa kitupu. Nilisikia vigelegele. Nikasikia wanaita jina. Nikajiambia, acha nimalize mnofu huu.

Wiki mbili baadaye Bibi Tatu alifariki.

Mama Salma, binti yake, alinipigia siku chache baada ya mazishi. Hakulia. Sauti yake ilikuwa imekauka tu. "Mdogo wangu, ile video nyingine usihangaike nayo," alisema. "Ila pale mama anapocheza nipatie mapema. Dada zangu wote wako Mlali mpaka arobaini, tunataka tumwone pamoja." Nikasema sawa, mama Salma. Nikakata simu nikakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo huwa sikai.

Siku nne baadaye kadi ikaungua na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi. Nilimpigia mwenyewe nikamwambia kompyuta imeharibika, skrini ya wateja haiwaki, avumilie mpaka nipate kadi. Akasema, "Basi nitasubiri, mdogo wangu. Vitu hivi navyo vina mambo." Aliniamini bila hata kuuliza swali la pili. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Video hata kwa skrini moja huhaririwa. Wapo vijana mjini wanahariri kwa simu, tena vizuri. Na hata kama ningekuwa na skrini kumi, kile ambacho sikukirekodi kisingetokea kwenye hata moja. Nilijua hivyo. Nikaendelea kutafuta kadi.

Na nilitafuta kwelikweli, kwa bidii ya mtu anayekwepa. Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha, wakajibizana siku mbili nzima wao kwa wao, kila mmoja akisifu aliyonayo, hakuna aliyeniuliza kompyuta yangu ni ya aina gani. Nilikwenda maduka matatu mjini. Kijana wa duka la pili alinitolea kadi yenye feni tatu, ndefu kama mkate. "Dada, hii hata gemu nzito inapiga," akasema. Nikamwambia mimi sichezi gemu, napiga singo. Akaniangalia kwa huruma. Kwa bei yake ningenunua mbuzi na watoto wake.

Mahitaji yangu ni madogo. Kompyuta yangu ni ya zile nyembamba za maofisini, ya mtumba, na pawa saplai yake ni ndogo, haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hiyo nataka kadi inayotosheka na umeme wa pale inapochomekwa. Iwe na matundu mawili ya picha yanayofanya kazi kwa pamoja, moja la HDMI na jingine la VGA, maana skrini ya benchi ni ya zamani na haina HDMI. Memori giga mbili zinanitosha, nne nikijaliwa. Sihitaji taa za rangi. Niliyaandika haya yote nyuma ya kadi ya mwaliko ya harusi ya mtu na nikayabeba kwenye pochi mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo.

Jambo lenyewe lingekwisha siku ya kwanza kama ningefanya wanavyofanya watu wote: kubeba kompyuta mpaka kwa fundi, aifungue, aangalie kinachoingia. Sikuweza. Ndani ya diski yangu kuna wanawake wa mji huu, wake za watu na mama zao, vichwa wazi, mabega wazi, wanacheza wanavyojua wao. Ni amana. Kuna mteja aliyeniapisha juu ya msahafu kabla hajanilipa. Siwezi kuiacha kompyuta hiyo juu ya meza ya fundi yeyote huku nikisubiri barazani.

Basi nikaifungua mwenyewe. Nikachukua tepu ya cherehani ya marehemu mama yangu, nikapima nafasi ya kadi kutoka mwanzo mpaka mwisho, inchi saba na nusu. Nikaagiza Dar kadi ya inchi sita, bei nzuri, matundu mawili, haihitaji waya wa ziada. Ilikuja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Nikaichomeka, ikaingia vizuri sana. Halafu nikarudisha mfuniko wa kompyuta. Mfuniko ukakataa. Nilikuwa nimepima urefu, kimo nikasahau. Kadi ilikuwa imechomoza juu kama vidole viwili, na lile bati lake la nyuma halikufika popote pa kufungwa.

Nilicheka kidogo. Kisha nikakaa na kadi ile mapajani mpaka jikoni kukanuka wali unaoungua.

Muuzaji wa Dar aliniandikia kwamba mali ikishatoka hairudi. Ningeweza kuitumia mfuniko ukiwa wazi, watu wanafanya hivyo. Nikajisemea vumbi litaingia, mijusi itaingia, nikaichomoa nikaiweka kabatini. Niliona nimepata wiki nyingine. Na hili nalo naliandika: nilijua kwamba diski inatoka. Ni skrubu nne na waya mbili. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ningeweza kuitoa, nikaiacha nyumbani, nikapeleka kompyuta tupu kwa fundi.

Leo asubuhi nikapata ujumbe wa mama Salma. Anashuka mjini kununua mchele na sukari ya arobaini, ambayo ni Jumapili hii, na atapitia kwangu baada ya alasiri. "Hata kama skrini ni moja nitakaa chini mkekani, usijali," aliandika.

Nilisoma ujumbe huo nimesimama. Kukaa chini mkekani, kwa ajili ya skrini yangu.

Nikachukua bisibisi. Diski ikatoka kwa dakika tano. Nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka ndani ya sufuria kubwa la pilau juu ya kabati, nikafunika. Nikafunga kompyuta kwenye mfuko wa salfeti, nikachukua na ile kadi ya Dar, nikaenda kwa Fundi Mrisho karibu na soko. Ni mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi, hana maneno mengi. Nilimwamkia, nikaweka mzigo mezani. Akafungua, akaangalia ndani kama sekunde kumi, akavuta droo ya tatu akatoa kadi fupi, nusu ya kimo cha yangu, bati lake fupi pia, HDMI na VGA. Giga mbili. Imetumika, akasema, ila feni yake ameibadilisha mwenyewe na nikipata shida nirudi. Akaichukua yangu ya Dar, nikaongeza kidogo, tukamalizana.

"Diski iko wapi?" aliniuliza, alipotaka kujaribu.

"Nyumbani."

Hakuuliza zaidi. Alichomeka diski yake, akaleta skrini mbili, zote zikawaka. Alipokuwa ananirudishia kompyuta kwenye mfuko akasema taratibu, "Mke wangu naye yumo kwenye video zako. Umefanya vizuri."

Dakika ishirini. Baada ya wiki nne.

Mama Salma alifika mvua imeshika kasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa anakamua pindo la kanga mlangoni. Amepungua. Alikaa kwenye benchi na mfuko wa sukari mapajani, hataki kuuweka chini usilowe, akaiangalia skrini ya pili iliyokuwa inawaka mbele yake. "Kumbe imepona," akasema. Akatabasamu.

Nilikuwa nimepanga kuanza na mambo mengine. Kumwonyesha Salma anavyoingia, sare, keki. Nilipoona lile tabasamu nikashindwa.

"Mama Salma," nikasema, "bibi alipocheza sikumrekodi. Nilikuwa nje nakula. Kamera ilikuwa imeelekea kwenye kiti."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilidhani hakusikia. Alisikia. Aliuliza nimejua lini. Nikamwambia tangu siku aliponipigia. Akauliza, na hii kadi? Nikamwambia kadi iliungua kweli, ila haikunizuia kumwambia. Aliangalia sukari yake kwa muda mrefu. Mimi niliangalia kibodi. Nilitamani anitukane, tumalize.

"Weka hivyo hivyo," akasema mwisho. "Nitamsikia hata sauti."

Kipande kile sikuwahi kukitazama. Kwa wiki saba nilikuwa nakiruka nikikifikia, kwa sababu nilijua ni dakika nane za kiti kitupu, na kila dakika inaonyesha kwamba mimi sipo. Nikabonyeza.

Kiti kikatokea kwenye skrini yangu na kwenye skrini yake. Kitambaa cheupe, maua ya plastiki, utepe wa dhahabu. Nyuma yake ukuta. Ngoma inasikika upande wa kulia, na vigelegele, na wanawake wanaita Tatu, Tatu. Kuna sauti moja ya kukwaruza inaimba juu ya nyingine zote. Mama Salma aliinamisha kichwa akawa anasikiliza. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Tulikaa hivyo dakika tano, tunatazama kiti.

Kisha ngoma ikanyamaza, watu wakacheka, na Bibi Tatu akaingia kwenye picha.

Aliingia peke yake kutoka upande wa kulia, anahema, kanga imeshuka begani. Alisimama mbele ya kiti. Akatazama kushoto, akatazama kulia, vile mtoto anavyotazama kabla ya kuonja sukari. Halafu akageuka akakaa. Kwenye kiti cha bibi harusi. Miguu haikufika chini vizuri. Akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akaanza kusugua magoti. La kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Alifumba macho na uso ukakunjamana wote. Alisugua muda mrefu. Alipomaliza aliweka mikono juu ya mikono ya kiti, akakipapasa kile kitambaa cheupe, akaegemea nyuma, akatulia hapo kama mtu aliyefika kwake.

Ndani ya nyumba mtu akapiga kigelegele cha kumtoa Salma. Bibi Tatu akafumbua macho, akavaa viatu haraka, akashuka. Uso ukabadilika palepale. Akatoka kwenye picha anapiga makofi na anacheka.

Mama Salma akasogea ukingoni mwa benchi. Kisha akasema, "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtoka na wala hayafuti, anacheka na kulia kwa pamoja pale bibi anapotazama kushoto na kulia. "Yeye aliolewa juu ya mkeka," akasema. "Hakuwa na kiti." Na pale pa magoti hakucheka. "Siku ile nilimuuliza, mama, magoti? Akaniambia yamepona, ndiyo maana nacheza."

Tuliirudisha mara sita au saba. Sijawahi kurudisha kwa moyo mweupe hivyo. Alinitaka nisiweke muziki hapo, wala yale maua yangu yanayoruka, na kiti kitupu kibaki chote, dakika zote, kwa sababu sauti ya mama yake iko humo. Nilimwahidi. Kipande hicho, asingekuja, ningekifuta. Vipande vya watu waliokaa tu huwa ndivyo ninavyoanza kuvitupa, na katika miaka yote hii nimeshatupa vingapi sijui.

Mvua ikapungua, akasimama, akajifunga kanga vizuri. Nilidhani ameshanisamehe. Labda amenisamehe, sijui. Alipofika mlangoni aligeuka akaitazama kompyuta, hakunitazama mimi.

"Wiki nne, mdogo wangu," akasema. "Alikuwa humu amekaa, na mimi namlilia Mlali."

Nilimbebea sukari mpaka barabarani.

Sasa nimerudi. Kadi mpya inafanya kazi, haipati moto, feni yake haisikiki. Picha nimeisimamisha pale anaposugua goti, iko kwenye skrini zote mbili, na sijapata nguvu ya kuzima hata moja. Leo tangu asubuhi mpaka nilipoirudisha diski, Bibi Tatu alikuwa kwenye sufuria juu ya kabati langu, amefungwa kanga.

Sitasubiri waje kuichukua video. Kesho asubuhi nitaipeleka Mlali kwa mkono wangu, nikae nao wakiitazama. Dada zake mama Salma wataniuliza nilikuwa wapi mama yao akicheza. Nitawaambia nilikuwa nyuma ya nyumba, nimevua viatu, nakula.